Nani aliyeilisha Dar es Salaam?

Oktoba 2021 wafanyabiashara ndogondogo wa Dar es Salaam walitakiwa kuondoka kwenye hifadhi za barabara, juu ya mitaro na kwenye njia za waenda kwa miguu. Habari za wiki zile zilikuwa za machinga: viatu, mitumba, chaja za simu, na maeneo mapya waliyopangiwa. Mama lishe walitajwa mwishoni mwa sentensi, baada ya neno "pamoja na". Mabanda yalipovunjwa, mabenchi, meza na maturubai yao yalikwenda na vingine vyote, na ilipofika saa saba mchana kondakta wa daladala, kibarua wa ghala, mlinzi wa benki na karani wa ofisi ya umma wakabaki kuulizana: leo tunakula wapi?

Swali hilo ni la zamani. Dar es Salaam imekuwa na bandari, reli, viwanda, wizara na vyuo, lakini kwa kipindi kirefu cha historia yake haikuwalipa wengi wa wafanyakazi wake mshahara wa kuwafikisha mwisho wa mwezi wakiwa wameshiba. Pengo hilo lilizibwa na mtu. Kwa sehemu kubwa lilizibwa na mwanamke mwenye sufuria mbili, jiko la mkaa na benchi, ambaye sheria za mji, za mkoloni na za waliomfuata, zilimhesabu pamoja na vitu vya kufagiwa. Sijui namna ya kuandika historia ya chakula cha mtu wa kawaida mjini bila kuanza na deni hilo.

Kwa makala haya nimeegemea zaidi vitabu viwili. Cha kwanza ni uchunguzi alioufanya J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, mwaka 1956, ukachapishwa 1963 bendera ikiwa imekwishabadilika. Cha pili ni Changing the Rules cha mwaka 1997, cha Aili Mari Tripp, mwanazuoni wa siasa aliyefanya utafiti wake mjini hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, Manzese na Buguruni zikiwa miongoni mwa mitaa aliyoingia. Tripp ni binti wa Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyewachunguza Wazaramo na kuandika habari zao, na ukisoma kitabu chake unaona kwamba anaujua ua wa nyumba ya Uswahilini kwa ndani.

Chumba kimoja, jiko moja

Mkoloni alimpangia mfanyakazi wa mjini mshahara wa mtu wa kupita. Katika hesabu yake huyu alikuwa mwanaume asiye na mke, mwenye shamba na jamaa kijijini, aliyekuja kubeba mizigo bandarini kwa muda kisha arudi kwao. Kwa hiyo alilipwa kiasi cha kumshibisha yeye peke yake, na hata hapo kwa tabu. Mkewe alibaki shamba akilima chakula ambacho hakuna mwajiri aliyekiandika popote.

Mtu huyo alikula wapi? Waliokuwa na senti kidogo waliingia kwenye hoteli za Kariakoo na Ilala, ambazo jina lilikuwa kubwa kuliko jengo: chumba chenye meza chache, birika la chai, mkate, maandazi, na wali mchuzi ukipatikana. Wasio nazo walinunua barazani na kando ya njia, kwa wanawake waliokaanga samaki na mihogo au kuchoma vitumbua asubuhi. Wengi walikula mara moja kwa siku. Baadaye watoto wa mjini wataita desturi hiyo kupiga pasi ndefu: unaruka chai, unachelewesha cha mchana mpaka kikutane na cha usiku, unalala.

Vita Kuu ya Pili ilibana zaidi. Mwaka 1943 ulikuwa wa njaa, na serikali ikaingiza mgao uliofuata rangi za watu. Mchele ulielekezwa kwanza kwa Waasia, Mwafrika akaelekezwa kwenye mahindi, kana kwamba watu wa Pwani hawakuwa wamekula wali vizazi na vizazi. Kovu la uamuzi ule lilibaki. Nani ana haki ya kula wali likawa jambo la siasa kabla siasa yenyewe haijapata chama. Makuli wa bandari waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa 1947 ukatoka bandarini ukaenea hadi miji ya bara. Gharama za maisha zilikuwa kwenye madai yao, na kwa mtu wa kima cha chini gharama za maisha kwanza ni unga.

Leslie alipoanza kuuliza maswali yake, mji ulikuwa umekua haraka. Sensa ya 1957 ilihesabu wakazi 128,742. Alieleza kwa makini nyumba ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumezaliwa ndani yake: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, ua nyuma wenye choo na mahali pa kupikia. Kila chumba kina mpangaji wake, wakati mwingine wanaume wawili au watatu wanaochangia kodi. Chumba kwa chumba, jiko kwa jiko. Na hapo ndipo hesabu ya chakula cha mjini inapojificha, hesabu ambayo wataalamu wengi wa bajeti hawajaifanya mpaka leo.

Mpangaji wa peke yake akitaka kupika maharage anahitaji saa mbili au tatu za moto. Mkaa anaununua kwa kopo, mafuta kwa kipimo, nyanya kwa fungu, na ukipiga hesabu ya kilo kwa kilo analipa zaidi kuliko anayenunua gunia, dumu na tenga. Hana pesa ya gunia, na hata angekuwa nayo, chumba hakina nafasi. Anapika sufuria ndogo ya mtu mmoja kwa moto ambao ungeivisha chakula cha watu kumi. Mama lishe anatenga sufuria moja kubwa alfajiri, na gharama ya mkaa inagawanyika kwenye sahani arobaini. Kwa sababu hiyo kapera wa kipato cha chini mjini hula nje ili kubana matumizi. Kupika nyumbani huanza kumlipa pale anapopata mke, watoto, au wenzake wa kuchangia chungu. Wanaomsema kijana wa Buguruni kwamba anachezea pesa kwa kula kwa mama lishe badala ya kupika hawajawahi kununua mkaa wa kopo.

Kwa upande wa mpishi hesabu ina sura nyingine. Sufuria inayolisha wateja ndiyo inayolisha nyumba yake. Ukoko na mabaki ya wali vinarudi na watoto, maharage yaliyobaki yanaungwa tena usiku, na asubuhi kiporo kinashuka na chai ya rangi. Ukimuuliza faida yake ni shilingi ngapi anaweza kukutajia kiasi kidogo mno, nawe ukadhani anajidanganya. Hajidanganyi. Sehemu ya faida imeshaliwa nyumbani, na ndiyo aliyoitafuta.

Unga wa Yanga

Uhuru ulikuja na mshahara mnono kidogo. Mwaka 1963 kima cha chini Dar es Salaam kiliwekwa Sh 150 kwa mwezi, na kwa miaka michache mfanyakazi aliweza kumleta mkewe mjini bila kumtegemea kwa chakula. Azimio la Arusha likatangazwa 1967, Shirika la Taifa la Usagishaji likaundwa mwaka uliofuata, na unga ukawa jambo la serikali.

Kisha mvua zikakosekana. Ukame wa 1973 na 1974, ukichanganyika na vurugu ya kuhamia vijijini, ulimaliza maghala, na nchi ikaagiza mahindi nje kwa fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo. Mengine yalikuja kutoka Marekani, nayo yalikuwa ya njano. Ugali wake ulikuwa na harufu ambayo watu hawakuizoea, na rangi ambayo watani wa soka hawakuweza kuiacha ipite: ukaitwa unga wa Yanga. Mashabiki wa Simba walikula kwa shingo upande. Serikali ikapiga mbiu ya kilimo cha kufa na kupona, na viwanja vya ofisi na pembezoni mwa barabara vikaota mahindi.

Miaka ya mwisho ya 1970 ilileta vita vya Kagera na mafuta ya bei kubwa, na mwanzo wa miaka ya 1980 ulikuwa wa foleni. Unga wa sembe ulikuwa na ruzuku na bei ya kuvumilika, ila haukuwapo. Sukari, mafuta ya kupikia na sabuni viligawiwa kupitia balozi wa nyumba kumi pale vilipofika. Watu waliweka mawe na makopo kwenye foleni kushika nafasi, wakaenda kazini, wakarudi. Aliyekuwa na jamaa kijijini alitegemea gunia linalokuja juu ya basi. Nyumbani mboga ilikuwa mchicha, tembele, kisamvu na dagaa, na kupika bila mafuta kukawa ujuzi ambao kila mama alijifunza upya: nazi ikipatikana inatosha, isipopatikana karanga zinatwangwa, zisipopatikana ni chumvi na nyanya.

Katika hali hiyo mama ntilie, kama mama lishe alivyoitwa wakati huo, aliongezeka. Alipata unga wake wapi? Alipopata kila mtu: kwa njia za panya, kwa jamaa, kwa msafirishaji aliyeficha magunia mawili chini ya mengine. Sheria ilimwita mshiriki wa ulanguzi, na mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa na nusu saa ya kula alimwita mama.

Mwaka wa karandinga

Machi 1983 serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Bidhaa zilizofichwa zilitafutwa majumbani na madukani. Wengine walizitupa usiku kuliko kukutwa nazo. Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu, ndiye aliyekuwa usoni mwa kampeni, na wananchi wengi waliipenda kwa sababu iliwagusa wakubwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na hii ikawagusa wadogo.

Sheria ilisema kila mkazi mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika. Asiye nayo apelekwe panapohitaji mikono. Kwa chama kilichokua na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, maneno hayo hayakuwa mageni, na kwenye karatasi yalisomeka vizuri. Dawa yenyewe pia haikuwa ngeni. Mwaka 1944 mkoloni alitunga sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa", na polisi wake walifanya misako ya wahuni katika miaka yote ya 1950. Mwaka 1976 serikali huru iliendesha yake, ikaiita Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na kuwapeleka waliokamatwa kwenye vijiji vya kandokando ya mji. Walirudi. Miaka saba baadaye ikaja nyingine, kubwa zaidi, yenye sheria nyuma yake.

Miezi ya mwisho ya 1983 karandinga zilipita mitaani. Mtu alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Aliyekuwa nacho alipita, asiyekuwa nacho alipanda. Na hapo ukazuka mzozo ambao haukuwa umetatuliwa kabla ya magari kuwashwa: nani ni mfanyakazi? Anayeshona viatu kwenye kona ana kazi au anazurura? Muuza samaki wa Banda la Samaki, fundi cherehani wa barazani, mchuuzi wa maji? Mama ntilie anayeamka saa kumi alfajiri, anayepika sufuria mbili, anayelisha genge zima la vibarua wa ujenzi na kurudi nyumbani jioni kuosha vyombo, hakuwa na mwajiri, hakuwa na mshahara, hakuwa na kadi. Kwa kipimo cha karandinga alikuwa mzururaji.

Kwa wanawake mzozo ulikuwa na fedheha ya ziada. Waliulizwa vyeti vya ndoa. Mke wa mtu alihesabiwa kuwa na kazi, ambayo ni kuwa mke wa mtu; asiyeolewa, mjane na aliyeachika walitakiwa kujieleza. Ndoa nyingi za Dar es Salaam zilifungwa mbele ya shehe na wazee bila karatasi ya serikali, na mwanamke aliyekaa na mumewe miaka ishirini hakuwa na cha kutoa mfukoni. Ninaporudia kusoma habari za miezi ile, hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwanamke aliyekuwa akiwapikia wenye vitambulisho alikamatwa kwa kukosa kitambulisho, na njia ya kumwokoa ilikuwa mwanaume, wakati ambapo kwenye nyumba nyingi yeye ndiye aliyekuwa akimwokoa mwanaume na mshahara wake.

Waliokamatwa walipelekwa vijijini na kwenye mashamba ya mkonge. Wengi hawakukuta nyumba, majembe wala chakula cha kuwafikisha kwenye mavuno, na malipo ya mkonge yalikuwa ya kukatisha tamaa. Leonard Shaidi, mwalimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliichambua sheria hiyo mwaka 1984 na kuiita hatua ya kukata tamaa kwa hali ya kukatisha tamaa. Wakati huo watu walikuwa wanarudi mjini, wengine kwa basi, wengine kwa miguu, wakitua kwenye vyumba vilevile na kona zilezile.

Tripp anaupa mwaka huu uzito mkubwa, na nakubaliana naye. Kwa maelezo yake serikali haikushindwa kwa maandamano, kwa sababu hayakuwapo. Ilishindwa kwa sababu kila ofisa aliyetumwa kukamata alikuwa na mke, dada au mama mwenye mradi wa aina hiyohiyo nyumbani. Neno lenyewe lilikuwa hilo, mradi. Mishahara ya askari, walimu na makarani haikutosha zaidi ya siku chache za mwezi, na maandazi, barafu, kuku na uji ndivyo vilivyomalizia. Kumkamata mama ntilie wa jirani kulikuwa kuigusa nyumba yako mwenyewe.

Ili sheria itekelezeke, ilibidi mwenye kujiajiri apewe karatasi ya kuonyesha kwamba anafanya kazi. Ikazaliwa leseni ya nguvu kazi, ya bei ndogo, iliyotolewa kwa wauzaji wa mitaani. Sheria iliyokusudiwa kuwaondoa mjini ndiyo iliyowapa hati ya kwanza ya kukaa. Kwa miaka ishirini baada ya hapo, leseni hiyo ndiyo iliyotajwa na mchuuzi wa Dar es Salaam kila mgambo wa jiji alipomkaribia, na iliitwa kwa jina lilelile la msako. Sokoine hakuyaona hayo. Alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984.

Mwaka huohuo ruzuku ya sembe iliondolewa na bei ya unga ikapanda zaidi ya mara mbili kwa mpigo. Kima cha chini kiliongezwa, lakini si kwa kiasi hicho. Tripp anakadiria kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa asilimia 83. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi na bado inanishtua. Ni sawa na kumwambia mtu aliyekuwa akila sahani sita kwamba sasa ale moja, na kazi iendelee. Kazi iliendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wengi wa mijini hawakuwa na kipato chao wenyewe. Tripp alipouliza nyumba kwa nyumba mwaka 1987 na 1988, karibu theluthi mbili ya wanawake aliowahoji walikuwa wamejiajiri, wengi wao wakiwa wameanza miaka michache tu kabla. Walisaga, walikaanga, walipika, waliuza. Wanauchumi wanaandika kwamba Tanzania ilivuka miaka ile kwa misaada na marekebisho. Anayetaka kujua ilivukaje kwa tumbo aangalie uani.

Ruksa, kisha bomoabomoa

Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu 1985 milango ilifunguka, akaitwa Mzee Ruksa, na unga ukajaa madukani kwa wenye pesa. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipunguza watu, na wake wa waliopunguzwa wakatandaza mabenchi. Jina la mama lishe likashika kuliko la mama ntilie. Vikundi vya wafanyabiashara ndogondogo vikaungana chini ya mwavuli wa VIBINDO mwaka 1995, na mama lishe wakawa miongoni mwao. Chipsi mayai ikateka vijana, ila wali maharage haukutikisika.

Kipindupindu nacho kikawa na sehemu yake. Kila mlipuko, wa 1997 na wa Agosti 2015 ulioanzia Kinondoni, uliwafikia mama lishe kama amri ya kufunga. Siwezi kubisha kwamba chakula kilichopikwa bila maji safi huua. Nabisha utaratibu: mtaa unaokosa bomba na mfereji wa maji machafu unatozwa faini kupitia kwa mpishi wake, halafu mlipuko ukipita bomba haliji, na mpishi anarudi kuchota maji yaleyale ya ndoo.

Leseni ya nguvu kazi ilifutwa katika mabadiliko ya leseni za biashara ya mwaka 2003. Mwaka 2006 ikaja amri ya kusafisha miji, mabanda yakavunjwa. Machinga Complex ya Ilala ikajengwa kwa ghorofa na kufunguliwa 2010, na kwa muda mrefu vizimba vyake vingi vikabaki vitupu, maana mteja wa barabarani hapandi ngazi kutafuta soksi, sembuse kibarua mwenye nusu saa ya kula. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000 kila kimoja, na mama lishe wengi walivivaa shingoni. Miaka mitatu baadaye mabanda yao yakavunjwa tena, vitambulisho vikiwa vingali shingoni. Katika kipindi hichohicho Soko la Kariakoo liliungua, Julai 2021, na soko la Karume likafuata Januari 2022, na kila moto ulikwenda na wateja wa mama lishe waliokuwa wakipika pembeni.

Wengi wa walioondolewa 2021 walirudi, hatua chache kutoka walipokuwa, kwa sababu ndipo walipo wenye njaa. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na sahani ya wali maharage, kulingana na mtaa, imekuwa ikienda kwa Sh 2,000 hadi 3,000, kachumbari na pilipili bila malipo, na daftari la mkopo kwa anayejulikana.

Mjadala wa sasa ni wa gesi. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi midogo imekuwa ikigawiwa kwa mama lishe mbele ya kamera. Nia ni njema. Inakadiriwa kwamba Dar es Salaam peke yake huchoma karibu nusu ya mkaa wa nchi, na macho na mapafu ya wanawake hawa yanajua bei yake. Lakini mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa pesa ya jana, na mtungi unajazwa kwa pesa ya siku nyingi kwa mkupuo. Tuliliona hili 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli: majiko ya mchina yakazimwa, na wapikaji wengi wakarudi kwenye mkaa. Gesi ya kulipia kidogo kidogo kwa mita imekwishajaribiwa mjini hapa na inafanya kazi. Iwekwe kwenye masoko, ghorofa ya chini, karibu na lango, pamoja na bomba la maji na mfereji, na nafasi hizo zigawiwe wakati mchoro ungali mezani, mama lishe wa eneo hilo wakiwa wamekaa kwenye kikao na kuulizwa jiko la sufuria ya kilo ishirini linatakiwa kuwa na kimo gani.